Nyumba ya Tomondo: Mnada Mmoja na Hesabu ya Miezi

Mnada ulipangwa saa nne asubuhi. Ilipofika saa nne na robo tulikuwa watu kumi na mmoja chini ya mkungu. Wanne walikuja kununua, wawili ni wa benki, mmoja ni dalali wa mnada na kipaza sauti chake, na tuliobaki tulisimama kando mikono nyuma, kama watu wanaosubiri jeneza litoke. Mwenye nyumba hakuwepo. Alikwenda zake Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, tangu usiku wa kuamkia siku ile. Mke wake alikuwa ndani, mlango kaufunga lakini dirisha la jiko liko wazi, na muda wote dau likipanda tulikuwa tunasikia kinu kinatwangwa. Hakupumzika hata mara moja.

Ilikuwa Tomondo, pembezoni mwa mji wa Zanzibar, katikati ya Machi 2022, Ramadhani ikiwa imekaribia. Dau lilianzia shilingi milioni 60, likaenda 65, likaenda 70, likakwama, likasogea 74, na mwisho likafungwa 78. Dakika ishirini hazikufika. Nyumba hiyo hiyo mtathmini aliiandikia milioni 140 mwaka 2019. Benki ikachukua chake, gharama zikakatwa, na mwenye nyumba akapokea milioni mbili na laki sita.

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja. Kazi hii nimeianza 1994, kijana wa kushika funguo na kuwapeleka wateja kuangalia nyumba za kukodi Kikwajuni na Kilimani. Kiwanja cha nyumba ile ya Tomondo nilimtafutia mimi, na msingi wake ulichimbwa mbele ya macho yangu. Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya wenyewe wawili, mume na mke, bila ya kutaja majina, kwa sababu hapiti mtu ofisini kwangu asiniulize bei za nyumba zinakwenda wapi. Mwenye nyumba huyu alijua zinakwenda wapi. Alikisia sawasawa kuliko wengi waliosoma, na nyumba akaipoteza vile vile.

Hati iliyofungua mlango

Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne na ukumbi, ua mpana, kisima, na ukuta wa matofali kuzunguka. Aliijenga kwa miaka tisa kwa pesa taslimu, kama tunavyojenga wengi wetu: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta mpaka linta, halafu unakaa kimya miaka miwili ukikusanya ya bati. Nyumba za namna hiyo hazina deni, na ndiyo maana kwa miaka mingi Unguja hatukujua kabisa ladha ya nyumba kunadiwa.

Alifanya jambo moja ambalo majirani zake wengi hawakulifanya: alitafuta hati. Tomondo ilikuwa mashamba, watu wakakatiana viwanja, na karatasi waliyonayo wengi ni ya mauziano yenye muhuri wa sheha, kiongozi wa mtaa, na majina ya mashahidi. Ardhi ya Zanzibar yote ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na anachomiliki mtu kwa Sheria ya Ardhi ya 1992 ni haki ya matumizi. Kuifanya haki hiyo iandikwe kwa jina lako, ipimwe, iingie kwenye daftari la Serikali, ni safari. Yeye aliimaliza. Nilimpongeza kwa moyo wangu wote, na bado naamini alifanya sawa.

Lakini hati ndiyo hasa benki inachokitafuta. Mwaka 2018 alikuwa na kiwanja cha pili Jambiani, si pwani kabisa ila unaisikia bahari, alichokinunua kwa watu wa upande wa mkewe. Akataka kujenga vyumba sita vya wageni. Alipokwenda kuomba mkopo, ofisa alizitazama karatasi mbili mezani, ya Jambiani yenye muhuri wa sheha na ya Tomondo yenye hati, akairudisha ya kwanza kwa kidole. Pesa ziende Jambiani, rehani iwe Tomondo.

Hapo ndipo kisa kilipopinda, na hakuna aliyeona. Biashara ilikuwa kwenye kiwanja kisichosajiliwa, inategemea wageni wanaokuja kwa ndege. Kilichofungwa kamba kwa ajili yake ni nyumba wanayolala watoto watano, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na wageni. Jambiani ikianguka, haianguki yenyewe peke yake. Nimekutana na madeni ya namna hii mara nyingi kuliko ya mtu aliyekopa kununua nyumba ya kukaa. Kwetu nyumba haipotei kwa sababu ya nyumba. Inapotea kwa sababu ya duka, ya gari, ya kontena lililokwama bandarini, ya vyumba vya wageni.

Mkopo ulitoka Machi 2019: milioni 60, miaka mitano, riba asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Rejesho likawa milioni moja na laki tano na kitu kidogo kila mwezi. Mkewe aliitwa kutia saini ya ridhaa. Aliniambia alikaa kwenye kiti dakika kumi, akageuziwa karatasi upande wa saini, akaoneshwa alama ya msalaba ya penseli pa kuandikia, akaandika. Hakuna aliyemsomea. Alidhani anathibitisha kwamba yeye ni mke.

Ndege zilipokoma

Kwa mwaka mmoja mambo yalikwenda. Marejesho kumi na mawili alilipa bila ya kuchelewa hata siku. Kufikia Machi 2020 salio lilikuwa milioni 51 na laki tisa hivi, na vyumba vinne kati ya sita vilikuwa vimekwisha na vinalaza watu.

Tarehe 12 Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa Tanzania kwa sababu ya korona. Tomondo haiko mbali na uwanja wa ndege, na mtu akikaa pale muda mrefu masikio yanaacha kuzisikia. Mkewe aliniambia kwamba yeye aligundua shida kwa kimya. Alikuwa anaanika nguo, akahisi kuna kitu kimepungua hewani, na hakujua ni nini mpaka jioni.

Anga likafunguliwa tarehe 18 Mei, lakini kufungua mlango si kuingia mgeni. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 walikuwa 260,000 na kitu. Na hesabu hiyo ya jumla inaficha jambo. Mwishoni mwa 2020 Warusi walianza kuja kwa wingi kwa ndege za kukodi, wakashushwa kwenye hoteli kubwa za kaskazini na mashariki zilizolipwa kila kitu hukohuko kwao. Mtu mwenye vyumba vinne Jambiani alikuwa anasikia redioni kwamba wageni wamerudi, na kitabu chake cha wageni kiko wazi. Kisha Aprili 2021 Urusi nayo ikasimamisha safari hizo kwa miezi. Mwenye kutaka kujua hali ya nyumba yake asisikilize hesabu ya nchi. Aangalie kitabu chake.

Benki ilimpa nafasi ya miezi sita. Alifurahi, na mimi nikafurahi. Mama yake mzazi, mtu wa dini, alisema hilo ndilo Mwenyezi Mungu analoliamrisha katika aya ya 280 ya Suratul Baqara, kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike. Ila muda unaotajwa pale haukui. Muda wa benki unakula. Riba ya miezi sita ilipandishwa juu ya deni, na Septemba 2020 salio likawa milioni 56 na laki saba. Alipumzika nusu mwaka akatoka anadaiwa karibu milioni tano zaidi. Na kwa kuwa mwisho wa mkopo haukusogezwa, rejesho jipya likapanda mpaka milioni moja na laki nane na ushei. Mtu aliyeshindwa kulipa moja na nusu wakati hana wageni akatakiwa alipe zaidi ya hapo, na wageni bado hawajaja.

Milioni 118

Oktoba 2020 nilimpelekea mnunuzi. Alikuwa Mzanzibari anayeishi Oman, karudi kuzika, anatafuta nyumba iliyokwisha. Aliipenda, akaikagua mpaka dari, akatoa milioni 118, taslimu. Tulikaa barazani, watatu, na kahawa.

“Ami,” akaniambia mwenye nyumba baada ya mgeni kuondoka, “hii nyumba ya milioni 140. Karatasi ninayo. Niuze 118 ili iwe nini? Wageni watarudi. Wakirudi bei zinarudi.”

Nikamwambia, “Watarudi, mwanangu.”

Hayo ndiyo maneno yangu, na nimeyarudia kichwani mara nyingi. Yalikuwa ya kweli. Pia yalikuwa jibu la swali ambalo halikuwa lake. Ilinipasa nimuulize ana pesa za miezi mingapi. Nilikuwa na uzoefu wa miaka ishirini na sita na sikumuuliza, kwa sababu na mimi nilikuwa naitazama ile 140 kama kitu kilichopo. Haikuwepo. Bei ya mtathmini ni kauli ya mtu mmoja juu ya siku moja. Bei ya nyumba ni pesa aliyoishika mtu aliyesimama mlangoni kwako, na siku ile ilikuwa 118.

Tuifanye hesabu ambayo hatukuifanya barazani. Milioni 118, toa deni 56 na laki saba, toa udalali wangu wa asilimia tano, zinabaki milioni 55 na laki nne. Kwa pesa hizo wakati ule ungepata nyumba ndogo ya vyumba vitatu mbele ya Fuoni, pengine haijapigwa plasta, na Jambiani ingebaki yako huru, haina mtu wa kukugongea. Angeshuka daraja, ndiyo. Angeshuka kwa miguu yake mwenyewe.

Badala yake alisubiri. Oktoba, Novemba, Disemba na Januari alipeleka laki saba saba. Benki ilizipokea na haikusema kitu, naye akachukulia kimya kile kuwa ni ridhaa. Laki saba kwa deni la milioni 56 haifiki hata riba ya mwezi, ambayo ilikuwa karibu laki nane na nusu. Alikuwa analipa na deni linapanda. Februari 2021 akaacha kabisa, na nadhani aliacha kwa sababu kulipa bila ya kupunguza kunavunja moyo kuliko kutokulipa.

Agosti 2021 nikampata mnunuzi mwingine, wa milioni 95. Safari hii alikasirika, akaniambia na mimi nimekuwa tai. Nilinyamaza. Mtu aliyekataa 118 hawezi kuisikia 95; sikioni mwake anasikia kwamba ameibiwa milioni 23. Kila bei iliyopita huwa deni jengine juu ya deni, na hilo la pili benki haikukuandikia, umejiandikia mwenyewe.

Kwa nini nyundo inapiga chini

Watu walisema benki imemwonea kwa kuuza 78. Niliuona mnada ule kwa macho na sikuona hila. Nyumba ilitathminiwa upya mapema 2022: milioni 110 kwa mauzo ya kawaida, 77 kwa mauzo ya lazima. Iliuzwa juu kidogo ya hiyo ya pili. Sababu za kuwa chini zipo, na zinafaa kuelezwa kwa sababu hazitabadilika mnada ujao.

Kwanza soko lenyewe ni jembamba. Haki ya matumizi ya ardhi hapa ni ya Mzanzibari. Mgeni wa kigeni hukodishwa ardhi kwa uwekezaji, au hununua fleti katika miradi iliyoruhusiwa. Nyumba ya Tomondo hawezi kuinunua. Kwa hiyo ukimwona Mzungu analipia fleti ya Fumba kwa dola, usidhani bei ile inateremka mpaka kwako. Ni masoko mawili yanayotazamana ng'ambo ya barabara. Anayeweza kununua mnadani ni Mzanzibari mwenye pesa taslimu, kwa kuwa masharti yanataka sehemu ya pesa siku ile ile na iliyobaki ndani ya siku chache, na wenye milioni 80 mkononi asubuhi ya siku ya kazi si wengi.

Halafu kuna haya, yaani aibu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Gari la matangazo lilipita mtaani siku mbili, jina la mwenye nyumba likatajwa, na mtaa mzima ukajua. Nilimuuliza jirani mmoja mwenye uwezo, mtu wa duka la jumla, kwa nini hakuja. Alinijibu kwamba watoto wake wamesoma chuo kimoja cha Kurani na watoto wa nyumba ile, na mkewe amekula mikononi mwa mke wa yule bwana. “Nitapita vipi pale mlangoni, Maalim? Nitasalimia nini?” Wapo pia waliosema nyumba iliyotoka kwenye riba haina baraka. Ukichuja watu kwa haya, kwa dini na kwa ujamaa, wanabaki wasiomjua mwenye nyumba. Aliyenunua ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi asiye na jamaa yeyote pale.

Na hatujaingia ndani. Nyumba ya mnada unaitazama kwa nje. Hujui vyoo, hujui nyaya, na unajua kuna mwanamke na watoto watano utakaopaswa kuwatoa, au kuwatolea wakili. Mnunuzi anaikata gharama hiyo kabla hajafungua mdomo. Chukua tofauti ya 95 na 78: milioni 17 zile hazikuchukuliwa na korona. Zilichukuliwa na haya, kiza na haraka.

Si Marekani, ni karafuu

Korona ilipopamba moto vijana wa mjini walikuwa wakinitumia habari za Marekani, kwamba yatakuwa ya 2008. Najua kidogo habari zile. Bei za nyumba huko zilianza kuteremka 2006, benki ya Lehman Brothers ikafilisika tarehe 15 Septemba 2008, na kufikia 2012 bei kwa wastani wa nchi zilikuwa zimeshuka kiasi cha robo. Lakini kule mtu alikopa karibu bei yote ya nyumba ili akae ndani yake. Bei iliposhuka akajikuta anadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba, na wengine wakaacha funguo wakaondoka. Nyumba ya Tomondo haikufika huko siku hata moja. Hata kwa bei ya nyundo, milioni 78, ilitosha kulipa deni. Mtu huyu hakupoteza nyumba kwa kuwa ilikuwa na thamani ndogo. Aliipoteza akiwa tajiri wa matofali asiye na pesa ya mwezi.

Mfano wetu upo nyumbani. Wazee wa mashamba ya karafuu waliweka mashamba rehani kwa wafanyabiashara wa mjini, mara nyingi kwa bei ya khiyari: unaliuza shamba kwa sharti kwamba ukirudisha pesa kabla ya muda fulani linarudi kwako, na muda wote ule unakaa humo ukilipa kodi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na waliokuwa na deni hawakuwa na cha kuvuna. Miaka ya 1930 haikuja upepo, ilikuja bei: karafuu ikaporomoka pamoja na biashara ya dunia, na mashamba yakaanza kuteleza mikononi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika kuhamia kwa wadai na kusimamisha madai kwa muda, na ugomvi wa biashara uliofuata ulifika mpaka Wahindi kususia karafuu mwaka 1937.

Karafuu zilirudi kuwa na bei. Kila mara zimerudi. Mashamba hayakurudi kwa wote waliokuwa nayo. Nilimsimulia haya mwenye nyumba baada ya mnada, si kabla, na hilo nalo nalihesabu upande wangu.

Njia iliyokuwepo

Nimekaa na karatasi zake zote nikitafuta kama nyumba ingeokoka bila ya kuuzwa. Kulikuwa na upenyo mwembamba. Septemba 2020, salio likiwa 56 na laki saba, angeandika barua kuomba deni litandazwe upya kwa miaka saba badala ya kubanwa ndani ya miezi arubaini na miwili iliyobaki. Rejesho lingekuwa milioni moja na laki moja na tisini elfu hivi. Familia ingehamia Jambiani kwenye vyumba vilivyokuwa vitupu, na Tomondo ingekodishwa kwa laki nne na nusu; bei hiyo naijua kwa sababu nilikodisha ya jirani yake. Jumlisha na laki saba aliyokuwa anaipata, unafika milioni moja na laki moja na nusu. Inapungua elfu arubaini.

Sisemi ingefaulu. Aprili na Mei masika inapoanguka Jambiani hamna mtu, na laki saba ile isingepatikana. Watoto wangebadilisha skuli katikati ya mwaka, na mkewe ana kibanda chake cha ushoni Tomondo chenye wateja. Lakini ilikuwa hesabu inayozungumzika, na benki huwa inamsikiliza mtu ambaye bado analipa. Barua aliiandika Septemba 2021, mwaka mzima baadaye, faili likiwa limeshapelekwa kwa mwanasheria. Aliipeleka kwa mkono, akapewa muhuri wa kupokelewa, na hakujibiwa.

Jambiani alijaribu kuiuza pia. Waliokuja walipenda, wakaomba hati, wakaondoka. Mmoja alibaki akatoa milioni 25, kwa vyumba vilivyokula zaidi ya 60. Karatasi ile ile iliyokataliwa na benki mwanzoni ikakataliwa na wanunuzi mwishoni.

Wenye nyumba wengi hawajui pia kwamba kuuza kwa mkono wako si jambo la wiki mbili. Kuna Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi inayoidhinisha ardhi kuhamia kwa mtu mwengine, kuna Kamisheni ya Ardhi, kuna barua ya benki ya kuachia hati, na kama kiwanja kimetoka kwenye mirathi isiyogaiwa kuna Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, inayosimamia mirathi, kabla ya vyote. Mimi nahesabu miezi minne mpaka sita, nikiwa na bahati. Kwa hiyo anayeamua kuuza siku aliyopokea ilani ya benki amechelewa, hata kama mnunuzi yupo mlangoni.

Sasa kila anayekuja kwangu na nyumba iliyo rehani namfanya aandike vitu vitatu kwenye karatasi mbele yangu kabla sijafungua mdomo juu ya bei: anadaiwa kiasi gani leo kwa barua ya benki, si kwa kumbukumbu, kila mwezi anapungukiwa ngapi, na ana akiba ngapi, dhahabu ya mkewe ikiwa mbali na hesabu. Akiba ukiigawa kwa upungufu unapata miezi. Ikiwa chini ya mwaka, namwambia tuuze, na namwambia kwa bei ya aliyepo. Wengine wanaondoka kwa hasira kwenda kwa dalali mwengine, na huyo atawaambia bei zitarudi.

Na zitarudi, kwa sababu visiwa hivi havikui na watu wanakua. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 1.3, ya 2022 ikatuhesabu karibu milioni 1.9. Mwaka ule ule wa 2022, mwaka wa mnada, wageni walipita 548,000, zaidi ya kabla ya korona, na 2023 wakapita 638,000. Julai 2022 vyumba vyake vya Jambiani vilijaa vyote, miezi minne baada ya nyundo. Aliyenunua nyumba ya Tomondo ameipaka rangi, ameweka geti la chuma, na mwaka jana alikataa milioni 130 mbele yangu.

Mume na mke wale wanakodi vyumba viwili Fuoni. Mume yuko Jambiani siku tano za wiki, na amemaliza kukipima kiwanja. Hati imetoka kwa majina mawili. Mwezi uliopita walinijia pamoja wakitafuta kiwanja kidogo cha kuanza upya msingi. Nikawaonesha kimoja, muuzaji akatoa karatasi ya mauziano, na yule bwana akanyoosha mkono kuichukua. Mkewe akaiwahi. Akavaa miwani, akakaa kwenye tofali kivulini, akaanza kuisoma kutoka mstari wa juu, na sisi watatu tukasimama tukamngojea.